Dawa Uliyowagawia Majirani

Qurus, msimu wa kuvuna mbaazi

Aayo, Mama yangu,

Barua zote nilizokuandikia kutoka Uingereza zilianza kwa kukuuliza hali, na kila mara ulimwambia mdogo wangu Marselina aandike, "Mwambie mimi mzima, aseme yeye." Hii sijui niianzeje. Nikikuuliza hali nitakuwa nakufanyia mzaha, na wewe hukuupenda mzaha wa namna hiyo. Basi nianze na yangu. Mimi sijambo, ila nimekonda. Rafiki yako Mama Bura anasema nimerudi na shingo ya kuku aliyeponea mdondo. Nilijitazama kwenye kioo cha Marselina nikaona hakukosea.

Nimekaa nje, mgongo ukutani, upande ule jua linakoanzia. Hapa ndipo ulipokuwa unakaa asubuhi ukisubiri mikono ikubali kufunguka. Nilipokuwa msichana nilidhani unaota jua tu, kama watu wazima wote wanavyoota jua. Leo mlima Oldeani umejifunika mawingu mpaka magotini, baridi inakata masikio, na mimi niliyeishi kwenye theluji natetemeka kama mgeni.

Ni mimi Tekla, kama umesahau sauti yangu, jambo ambalo silitarajii. Ulikuwa ukiwaambia watu kwamba watoto wengine walizaliwa na mdomo, huyu alizaliwa na redio, tena isiyozimika. Redio imezimika, Mama. Naongea na wagonjwa mchana kutwa, nikirudi nyumbani sina la kusema na mtu. Ndiyo maana naandika.

Acha nikupe habari kwa mpangilio, maana ulichukia mtu anayeanza hadithi katikati. Masomo nilimaliza. Sasa ni daktari bingwa wa magonjwa ya viungo, au kama tunavyosema hapa, daktari wa baridi yabisi. Siku uliyokuja kuniaga stendi ya Karatu uliniuliza mbele ya abiria wote kama kweli serikali inampeleka mtu nchi ya barafu akasomee ugonjwa wa baridi, au wameniona mjinga. Basi zima lilicheka. Nikakueleza kwamba kosa si la baridi. Ni mwili wenyewe unaogeuka, walinzi wake wanaanza kushambulia viungo vya nyumbani, kama mbwa anayemng'ata mwenye boma. Ukafikiri kidogo, ukasema mbwa wa hivyo hupigwa jiwe. Basi likaondoka. Huo ndio mwisho wa kukuona, na mimi nilikuwa nabishana na kondakta kuhusu begi langu, sikugeuka mpaka tulipopita soko.

Nimerudi na cheti kikubwa chenye mhuri mwekundu, pamoja na sanduku la sabuni. Huku tangu vita ya Uganda iishe sabuni haionekani, watu wanafulia majivu. Cheti kilipoonyeshwa walisema hongera. Sabuni ilipoonyeshwa walipiga vigelegele. Ungekuwepo ungegawa vipande vyote kabla ya jioni ukabaki unaoga maji matupu. Nakujua.

Kuna jambo la masomo sikuwahi kukuandikia kwa sababu niliona haya. Mimi, daktari mzima, niliyekwisha kuzalisha wanawake kule hospitali ya Wasso na kuunga mifupa ya watu waliopigwa na nyati, nilivuka bahari kwenda kufundishwa kusalimia. Profesa wangu, yule mzee mrefu mwenye doa la supu kwenye tai, alitutembeza wodini wiki baada ya wiki, na kazi yetu ilikuwa kumpa kila mgonjwa mkono huku yeye akitutazama. Ukibana tu, anakutoa nje. Mkono wa mgonjwa wa viungo unapokelewa taratibu, kama unavyotoa yai chini ya kuku, halafu unapapasa kifundo kimoja kimoja kwa kidole gumba. Hayo yote niliyaweza. Kosa langu lilikuwa moja na lilikuwa la kila siku: nilitazama mkono. Mzee akanisimamisha mbele ya wenzangu, akaniambia, "Daktari, mkono unajua kuficha. Tazama uso."

Sikuweza, Mama. Mgonjwa alikuwa bibi mwenye mvi, na mimi nimelelewa Qurus. Mkubwa unampa shikamoo ukiwa umeinamisha macho, na ukimkodolea watasema ulilelewa na nyani wa msituni. Ilinichukua muda kujifunza kumkazia macho mzee wa watu huku namminya kidole. Wenzangu walidhani mimi ni mwoga. Siku nilipoweza hatimaye, nikaona. Midomo ya yule bibi ilikuwa inatabasamu, lakini nilipogusa kifundo cha kidole cha shahada kope zake zilishtuka, kidogo tu, halafu zikatulia kama hakuna kitu. Niliomba radhi, nikaenda kujifungia chooni nikalia. Nilikuwa nawaza ni mara ngapi kope zako zilishtuka hivyo mimi nikiwa nimeangalia miguu yako.

Hapo ndipo nilipokumbuka ulivyokuwa unasalimia. Kwetu mtu mwenye udongo au unga mikononi haachi kusalimia, anatoa kigasha, ule mkono wa chini ya kiwiko, mwenzake anakishika, salamu inapita. Wewe ulitoa kigasha kila siku. Ulitoa kigasha Jumapili mlangoni mwa kanisa, umevaa gauni jeupe, ukasema mikono ina udongo. Watu wakasema mama huyu ni mchapakazi, hata siku ya Bwana anatokea shambani, na wewe ukawaacha waseme. Ukazeeka na sifa hiyo. Mikono yako ilikuwa safi, Mama. Ilikuwa inauma.

Halafu, mwaka wangu wa mwisho kule, ikaja barua kwamba umepona. Marselina aliandika kwa herufi kubwa kama anayepiga kelele. Daktari mmoja mjini alikupa vidonge vidogo vyeupe, na haikupita muda ukashika jembe, ukatembea kwa miguu mpaka mnadani Karatu na kurudi, ukawa unawaonyesha watoto ngumi yako unavyoweza kuikunja. Niliisoma ndani ya treni nikacheka peke yangu, na wale watu wasiosalimiana wakanitazama. Lakini dawa ile niliijua, ndiyo niliyokuwa naisomea. Nikakuandikia siku ileile nikikusihi ufuate alivyosema daktari, usikatishe hata siku moja. Ukajibu kupitia kwa Marselina: "Mwambie Tekla sijakatisha, na asinifundishe kumeza." Ndilo neno lako la mwisho nililo nalo. Hata hilo lilikuwa la kunigombeza.

Masika yaliyofuata ikaja simu ya maandishi. Maneno yake yalikuwa machache, kwamba umefariki na kwamba wamekwisha kuzika. Ndege ya karibu ingenifikisha matanga yameshaanuliwa. Profesa aliniambia nipumzike, nikakataa, nikavaa koti nikaenda wodini kusalimia wagonjwa, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Nilipouliza kwa barua nikaambiwa ilikuwa malaria. Nikakubali. Huku kwetu nani anaulizia zaidi mtu akiambiwa malaria?

Nilirudi. Jumapili ya kwanza wanawake wakaja kunililia upya, kwa vile sikulia nao. Walikuja na maziwa ya mgando na kuni, wakajaa humu ndani mpaka wengine wakakaa kizingitini. Mama Bura ndiye aliyekuwa msemaji wao. Unamjua, hawezi kufupisha. Alieleza mlivyoolewa msimu mmoja, mlivyolima pamoja, mlivyosaidiana kuzaa, mlivyofiwa na waume mkabaki mnagombana kama mke na mume. Kisha akafika kwenye roho yako. Alisema hukuwa na choyo hata chembe. Ulipopata dawa ile iliyokuinua hukuila peke yako. Yeye magoti yalipovimba wakati wa palizi ulimpa, mke wa katekista alipopata mgongo ulimpa, na aliyekuja na bega ulimpa. "Alitugawia kama chumvi," alisema, na wanawake wote wakaitikia wakilia kwamba ni kweli, kama chumvi.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikauliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaka tu kusikia sifa zaidi, kama mvua zilipoanza ulikuwa umebakiwa navyo. Mama Bura akasema hapana, viliisha mapema kabla ya siku yako ya kwenda kuchukua vingine, na wewe ukasema hakuna neno, utangoja. Barabara ikakatika kwa matope, basi halikuja. Ukaanza kutapika. Ukisimama unaona giza, ukasema miguu imekuwa maji. Marselina alikuwa kwa mumewe kule Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu, akafika umeshashindwa kuinuka. Wakakupa dawa ya malaria, wakakubeba kwenye kitanda cha kamba, na ukakata roho kabla hamjaifikia barabara kubwa.

Ngoja nikueleze kilichokuua, maana hakuna aliyekueleza. Juu ya figo kuna kama kiwanda kidogo kinachotengeneza kitu kinachousimamisha mwili unapougua au unapochoka. Ukimeza vile vidonge kwa muda mrefu, kile kiwanda kinaona kazi yake inafanywa na mwingine, kinalala. Ukipunguza dawa polepole kinaamka. Ukikosa ghafla kinabaki usingizini, na hapo homa ndogo tu inakuangusha. Profesa alitufundisha hilo akigonga meza. Dawa haikukuua. Kuikosa ndiko kulikokuua. Na hukuikosa kwa ubishi, maana kwako kukatisha ni mtu kuitupa dawa kwa makusudi, wala hukuwahi kufikiri kwamba kugawa nako ni kukatisha. Hakuna mgonjwa wangu hata mmoja kule ng'ambo ambaye angefanya kosa hilo. Kila mmoja alikuwa na kichupa chake amekifungia kabatini, hata mumewe hakijui. Kosa lile ni letu sisi, ambao mtu akichinja mbuzi anaona haya moshi ukionekana na jirani hajapata kipande.

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe. Walikula nawe, Mama, na ukafa peke yako. Nina hasira na wewe, na niiseme tu, kwani ukinigombeza sasa nitafurahi. Nilikaa pale na ubingwa wote ule kichwani, na siku ile ubingwa huo ulinifaa kwa jambo moja tu, kuelewa jinsi ulivyokufa. Ningesema nini? Wale wanawake walikuwa wamekulilia mpaka sauti zimekauka. Niliwaambia asanteni, nikaomba waongezewe chai.

Ningenyamaza mpaka leo kama si Marselina. Alikuja kutoka Mang'ola na mtoto wake wa kwanza, msichana, amempa jina lako, Rozalia. Nikamkimbilia mlangoni, naye akanipa kigasha. Akasema alikuwa anakanda unga. Nilimtazama usoni, Mama, kama nilivyofundishwa, nikakisogeza kidole changu kwenye kifundo chake, na kope zikashtuka.

Ana ugonjwa wako. Ulimwanza baada ya kujifungua na alikuwa akiuficha kama ulivyouficha wewe. Vifundo vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba, vya moto, na asubuhi alikuwa hawezi hata kufunga kanga ya kumbebea mtoto. Akiwa hapa Mama Bura alikuja kila asubuhi kumfungia Rozalia mgongoni, akidhani ni kudeka kwa mzazi wa kwanza, na alimsema sana. Mimi nilijua kilichokuwa mbele. Ugonjwa huu ukiwahiwa, vidole vinabaki vimenyooka. Ukichelewa vinalala upande kama vyako, na vikishalala hakuna bingwa wa kuvinyoosha.

Na dawa niliyotaka kumpa, kaa vizuri nikuambie. Ni klorokwini. Ileile chungu ya malaria inayowasha mwili, uliyokuwa ukitumezesha ukitubana pua. Ukiimeza kwa kipimo, kila siku, kwa miezi, inamtuliza yule mbwa. Si kwa kila mtu, lakini kwa wengi. Siku profesa alipoifundisha niliweka kalamu chini. Ilikuwepo kwenye kila zahanati ya Karatu miaka yote ambayo vidole vyako vilikuwa vinapinda, na hakuna aliyejua, hata mimi.

Marselina alikataa. Alisema, "Dawa ya mikono ndiyo iliyomuua Mama. Mimi nina mtoto mchanga." Na si yeye peke yake. Qurus yote wanaamini kwamba dawa ya Kizungu ilikuinua ikakuangusha. Nilimweleza, nikamfokea, nikamletea cheti chenye mhuri, akanitazama kwa huruma. Alipaka mafuta ya kondoo, akachemsha mizizi, akafunga vitambaa vya moto. Vifundo vikazidi. Nilijua neno moja tu lingemgeuza, nalo ni ukweli wa kilichokuua, na nisingeweza kuusema bila kumnyooshea kidole Mama Bura, aliyekufumba macho kwa mkono wake. Nikaahirisha. Nikawa naenda zangu kliniki Karatu, mara moja moja napanda basi la vumbi mpaka Wasso kuwaona wazee wa Kimasai wenye magoti, na mmoja wao aliniuliza namtafuta nini usoni, kama ni ng'ombe wangu aliyepotea. Nilicheka naye. Nikirudi nyumbani nakuta kanga ya mtoto iko juu ya kiti inamsubiri Mama Bura.

Asubuhi moja Mama Bura alikuwa amekwisha kuingia, kanga ameishika. Marselina akainama kumnyanyua mtoto kitandani, na mkono ukakataa. Rozalia akamponyoka. Alianguka kwenye magunia, hakuumia, alilia kidogo tu akanyamaza. Lakini Marselina alikaa chini akawa anamtazama mwanawe bila kumgusa, kama anayeogopa kumgusa.

Nilisema hapohapo. Nilimwambia, "Dawa haikumuua Mama. Iliisha kabla ya siku zake kwa sababu aliigawa, na mwili wake haukuweza kusimama bila hiyo." Nikaeleza yote, kiwanda, usingizi, matope, yote. Sikumtazama Mama Bura. Nilirudia tabia yangu ya zamani, nikaangalia chini. Nilisikia tu anaiweka kanga juu ya kiti, taratibu, na mlango ukafunguliwa.

Marselina alimeza kidonge cha kwanza siku ileile. Mama Bura hakuonekana. Jumapili hakuja kanisani, wala Jumapili ya pili. Wakasema ana malaria. Nikaenda kwake. Nilimkuta amekaa ndani ya tembe, moto umezimika, mbuzi hawajafunguliwa. Nikamwambia hakuna aliyejua, hata wewe mwenyewe hukujua, ulitoa kwa upendo naye akapokea kwa upendo, hana hatia mbele ya Mungu wala mbele yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, na wewe unajua hajawahi kumsikiliza mtu mpaka mwisho. Kisha akasema kwa Kiiraqw, polepole, neno ambalo kwa Kiswahili ni hivi: "Nilimla rafiki yangu kidogo kidogo, na kila nikimla nilimshukuru."

Nilisoma miaka yote ile, dawa ya neno hilo hawakunifundisha. Nikawafungua mbuzi, nikawasha moto, nikakaa naye mpaka uji ukaiva. Njiani kurudi nilijilaumu na kujitetea kwa zamu. Ningefanyaje, Mama? Niambie wewe. Mkono wa mwanao ulikuwa huku na moyo wa rafiki yako ulikuwa kule.

Kesho yake, jua halijaugusa ukuta huu, akaja. Hakunisalimia. Alisimama mbele ya Marselina akamwuliza dawa iko wapi. Marselina akamwonyesha. Akasema, "Meza nikuone." Marselina akameza, akakunja uso kwa uchungu wake. Mama Bura akamwamuru afungue mdomo, akachungulia mpaka chini ya ulimi, kama anayekagua mbuzi mnadani, kisha akamfunga mtoto mgongoni akaenda zake. Akaja kesho yake na keshokutwa. Masika yakaanza, akaja na gunia kichwani la kujikinga mvua. Siku mke wa katekista alipopita kuomba klorokwini kidogo ya mjukuu wake mwenye homa, Mama Bura alimfukuza mpaka barabarani, akamwelekeza zahanati kwa maneno ambayo sitayaandika kwenye barua ya marehemu. Mimi nikawaambia wagonjwa wangu kwamba dawa ni kama mswaki, haiazimwi. Wanacheka, wanarudi nyumbani wanagawa. Hakuna ninayemwamini kama Mama Bura.

Lakini magoti yake ni mabovu, Mama. Huo mteremko kutoka kwake anaupanda akisimama kila mara, akijifanya anatazama mbaazi za watu. Nimempima. Yake si ugonjwa wako, ni ya uzee na jembe, na nina dawa ya kumpunguzia. Hataki. Nimembembeleza, nimemgombeza, nimemtumia padre. Anasema yeye alishakula ya kwake yote, na akala hata isiyo yake.

Leo asubuhi Marselina alimeza, akafungua mdomo, akakaguliwa. Mama Bura akanyoosha mikono kuchukua kanga, kama kawaida, na Marselina akawa ameshaichukua. Akamtupa Rozalia mgongoni, akazungusha kanga, akaikaza kifuani kwa vidole vyake mwenyewe, fundo likakaa. Alifanya haraka, kama mwanamke yeyote. Nadhani hakujua anatufanyia nini. Mama Bura alibaki na mikono imenyooshwa, haina kazi. Halafu akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu nimwambie, kilio kile cha msibani chenye jina ndani yake, na jina lilikuwa lako. Nikamshika. Nililia pia. Tulikulilia pamoja, Mama, ile zamu yangu niliyoikosa.

Alipotulia nilimmiminia chai, nikaweka kidonge cha magoti yake kando ya kikombe. Alikunywa chai. Kidonge akakiacha, akashuka mteremko polepole akishikilia fito za ua.

Siwezi kukuahidi kwamba nitakuwa na roho kama yako, kwanza naiogopa. Ninachokuahidi ni kimoja. Sitamwacha rafiki yako ajiadhibu kwa ajili yako. Atakuja kesho kumkagua Marselina, na keshokutwa, na kila atakapokuja atakuta chai ya moto na kidonge kando yake. Najua ni mbishi. Mimi nililelewa na mbishi kuliko yeye.

Pumzika sasa, Aayo. Usingoje tena jua.

Mwanao,
Tekla